Ulilipia 'German Shepherd' Ukaletewa Mbwa wa Mtaa? Hivi Ndivyo DNA Huanika Ukweli Wote

Wacha nianze na aibu yangu ndio tuelewane.

Nilipoacha chuo katikati, kichwani nilikuwa na wazo moja tu: kuomoka haraka. Mtaani kila msee alikuwa na kitu anafuga. Huyu kuku, yule sungura. Mimi nikaona mbwa. Hesabu kwa karatasi ilikuwa tamu: nunua German Shepherd mmoja wa kike, mpandishe, azae watoto sita, uza kila mmoja KSh 20,000. Hiyo ni laki moja na ngiri ishirini, na mimi nimekaa tu kwa keja nikicheki mpira.

Nikapata muuzaji mtandaoni. Picha zilikuwa moto. "Hii ni damu safi bro, baba yake ni wa polisi," akaniambia. Nikamtumia KSh 18,000, nikaletewa mtoto wa mbwa ndani ya katoni ya sabuni. Nikamwita Malkia.

Akiwa na miezi mitatu, masikio yalikuwa bado yamelala. Nikasema ni mapema. Miezi sita, moja likasimama, lingine likakataa kabisa. Mkia nao ukajikunja juu vile mikia ya mbwa wa ocha kwa shosho hujikunja. Jirani yangu akamcheki siku moja, akacheka mpaka akashika ukuta. "Buda, hapa ulikuliwa fare."

Lakini hakuna mtu angenithibitishia. Mmoja anasema ni German, mwingine anasema ni chokoraa. Nikampandisha hivyo hivyo na dume la jirani, na wateja watatu wakaniwekea deposti ya watoto kabla hata hawajafungua macho. Halafu Disemba binamu yangu anayeishi Marekani akaja likizo, na kwa begi lake kulikuwa na kisanduku kidogo cha kupima DNA ya mbwa.

Ka wewe pia umewahi kumwangalia mbwa wako ukajiuliza "kwani wewe ni nani hasa?", hii ni yako.

DNA ya mbwa ni nini?

Karibu kila seli kwa mwili wa mbwa imebeba maagizo ya kumtengeneza. Yameandikwa kwa herufi nne za kikemikali: A, C, G na T. Mbwa ana herufi kama bilioni 2.4, zimepangwa kwa jozi 39 za kromosomu. Wewe msomaji una jozi 23. Usijiskie vibaya.

Mwaka 2005 wanasayansi walitoa ramani kamili ya hizo herufi, wakitumia damu ya mbwa wa kike aina ya Boxer anayeitwa Tasha. Miaka miwili baadaye, mwaka 2007, kampuni ya Mars, ile ile ya chokoleti, ikaanza kuuza kipimo cha Wisdom Panel. Mwaka 2015 ndugu wawili Wamarekani, Adam na Ryan Boyko, wakaanzisha Embark. Hayo majina mawili ndio utakutana nayo sana ukianza kutafuta.

Sasa, mbona hizi aina za mbwa zinaweza kutambulika kwa herufi? Juu nyingi ni za juzi tu. Chama cha mbwa cha Uingereza, The Kennel Club, kilianza 1873. German Shepherd mwenyewe alianza 1899, wakati ofisa wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alinunua mbwa anayeitwa Horand na kumwandikisha wa kwanza kwa kitabu. Kutoka hapo, sheria ikawa mbwa wa kitabu azae na wa kitabu. Ukiwafungia kwa kitabu hivyo kwa zaidi ya miaka mia, herufi zao zinaanza kufanana, ka lafudhi ya watu wa kijiji kimoja. Kipimo kinasikiliza hiyo lafudhi.

Macho yako ni waongo

Utasema, "Mimi nikimwona tu najua." Zii. Hujui.

Luku ya mbwa inasimamiwa na jeni chache zenye nguvu sana. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba jeni tatu tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya: marefu au mafupi, yaliyojikunja au yaliyonyooka, na zile ndevu za mzee. Mbwa anaweza kukosa jeni moja ya luku ya German na bado awe na German mwingi ndani. Mwingine anaweza kuwa na mgongo mweusi na mdomo mrefu, na German wake ni kidogo kushinda chumvi kwa chapati.

Kuna watafiti wawili, Scott na Fuller, walichanganya Cocker Spaniel na Basenji huko Maine, Marekani, na matokeo yao yakachapishwa 1965. Watoto wengine walitoka hawafanani na baba wala mama. Ukikutana nao njiani ungebahatisha mbwa mwingine kabisa.

Na kuna kitu wauzaji hawatakuambia: watoto wa mimba moja wanaweza kuwa na baba tofauti. Mbwa wa kike akiwa kwa joto anaweza kupandwa na madume zaidi ya mmoja. Kwa hivyo ulimlipia dume la maana KSh 10,000, lakini usiku wa jana yake wa jirani aliruka ua. Watoto wawili ni wa dume la maana, wanne ni wa yule mruka ua. Macho hayatakuonyesha. DNA itakuonyesha.

Vile kipimo hufanywa

Hakuna sindano wala damu. Ndani ya kisanduku kuna kijiti chenye sponji na chupa ndogo yenye maji ya kuhifadhi.

Kwanza, mbwa asile wala asilambe kitu kwa karibu nusu saa. Ukipima akiwa ametoka kutafuna matumbo, unatuma DNA ya ng'ombe pamoja na yake.

Pili, sugua kijiti ndani ya shavu, kati ya shavu na ufizi, kwa sekunde 30 hivi au vile maagizo yanasema. Hutafuti mate tu, unatafuta seli za shavu. Ka ni mtoto ananyonya, mtenge na mama kwanza, juu maziwa yana seli za mama na yanaweza kuharibu majibu.

Tatu, funga kijiti ndani ya chupa, kisha usajili namba ya chupa mtandaoni. Hapa ndio wengi huanguka. Chupa bila usajili ni chupa tu.

Nne, tuma. Maabara itatoa DNA kutoka kwa seli, iipitishe kwa kijibamba kinachosoma alama zilizochaguliwa. Embark wanaangalia zaidi ya alama 200,000. Kisha kompyuta inalinganisha hizo alama na za maelfu ya mbwa ambao aina zao zinajulikana. Majibu hutoka baada ya wiki kadhaa, kwa simu yako.

Bei? Vipimo vya maana vinacheza kati ya dola 100 na 200, kutegemea ka unataka aina pekee ama aina na afya pamoja. Hiyo ni ka ngiri 13 kwenda juu, na bado hujalipa kutuma ng'ambo. Ka una ndugu anakuja likizo, hapo ndio pa kukumbuka undugu.

Soma majibu bila kujichocha

Majibu huja kwa asilimia. Kila mtoto hupata nusu ya DNA kutoka kwa mama na nusu kwa baba. Kwa hivyo ukiona 50 ya aina moja, inawezekana mzazi mmoja alikuwa wa aina hiyo kamili. Ukiona ka 25, fikiria babu au nyanya. Ka 12 hivi, mzazi wa babu. Lakini si hesabu ya duka: kutoka kwa babu na nyanya, mgawo hubadilika kidogo kwa kila mtoto. Ndio maana ndugu wa mimba moja, baba mmoja, wanaweza kupata namba tofauti.

Namba ndogo ndogo, zile za 2 na 3, usizichapishe kwa fulana. Hapo ndio kompyuta hubahatisha.

Na kompyuta inaweza tu kukutajia mbwa inayemjua. Ka kampuni haina sampuli za kutosha za mbwa wa Afrika, itatafuta wa karibu na kukurushia jina lake. Unaambiwa mbwa wako wa Dandora ana Chow Chow, na wewe huwezi kuelewa huyo Mchina alipitia wapi.

Chagua kampuni vizuri pia. Mwandishi mmoja wa WBZ, kituo cha televisheni cha Boston, alituma sampuli ya shavu lake mwenyewe. Ndio, la binadamu. Kampuni mbili zikasema sampuli haifai. Ya tatu ikamrudishia majibu: Alaskan Malamute asilimia 40, Shar Pei 35, Labrador 25. Mtu mzima na kazi yake.

Mbwa koko ana ukoo wake

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilifunguka macho.

Sisi hudhani mbwa wa mtaa ni mabaki: German kidogo, Rottweiler kidogo, vikachanganyika vikaharibika. Lakini hiyo hadithi imegeuzwa kichwa chini. Mbwa wengi zaidi duniani si wa kitabu. Ni wale wanajizalia wenyewe karibu na watu, na mababu zao walikuwa hapa kabla mtu yeyote Ulaya hajafungua kitabu cha mbwa.

Kabla ya Embark kuwepo, hao ndugu wawili Boyko walikuwa kati ya waandishi wa utafiti uliotoka 2009. Ulichunguza mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Uganda ni hapa tu, ng'ambo ya Busia. Walichopata ni kwamba mbwa wengi wa vijijini Afrika ni wazawa, wametoka kwa mbwa walioingia bara hili zamani sana, na wengine tu ndio wamechanganyika na mbwa wa kigeni. Halafu wakapima aina ambazo watu huziita za Kiafrika. Basenji alikaa na wazawa wetu. Rhodesian Ridgeback na Pharaoh Hound, pamoja na majina yao makubwa, walionyesha kuwa asili yao nyingi si ya Afrika.

Kwa hivyo vipimo vizuri siku hizi vina kundi linaitwa Village Dog, mbwa wa kijijini. Ukiliona kwa majibu, usidhani maabara imeshindwa. Hilo ndilo jibu.

Na hebu sikia hii. Jina Basenji linatoka Kilingala, kutoka maneno yanayomaanisha mbwa wa watu wa kijijini. Liseme polepole: ba-senji. Unasikia "shenzi" yetu ndani? Neno tunalomtupia mbwa pamoja na jiwe, huko ng'ambo limekuwa jina la mbwa wa kitabu, mwenye cheti na bei yake.

Mahali DNA inaweza kuokoa mbwa wako

Sahau luku kidogo. Hii sehemu usiruke.

Mbwa wako akipata upele, manyoya yatoke na akae akijikuna usiku mzima, mtaani utaambiwa, "Mpige ivermectin." Dawa ni nzuri, imetibu watu na wanyama wengi, na waliochangia kuigundua walipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kuna mbwa ambao dozi ya upele inaweza kuwaua.

Iko hivi. Kuna jeni inaitwa MDR1. Kazi yake ni ka ya soja wa geti la ubongo: dawa fulani zikitaka kuingia, inazisukuma nje. Mbwa wengine wana jeni iliyopoteza herufi nne, na soja hayuko kazini. Dawa inaingia ubongoni. Mbwa anaanza kuyumba, kutokwa na mate, kutetemeka, kupoteza macho, na anaweza kulala asiamke. Collie ndio wanajulikana sana kwa hili, na Australian Shepherd pia. Hata German Shepherd wengine wanalo. Na mbwa aliyechanganyika anaweza kulibeba bila luku yoyote ya kukuonya.

Kwa hivyo ka mbwa wako ana damu ya mbwa wa kuchunga mifugo, au hujui kabisa alitoka wapi, usimwachie mtu yeyote wa duka la agrovet amdunge kwa kubahatisha uzani. Nenda kwa daktari wa wanyama aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, mtajie hiyo MDR1, muulize ka kuna dawa nyingine. Kuna nyingine.

Vipimo vya afya pia huangalia jeni ya ugonjwa wa uti wa mgongo unaopooza miguu ya nyuma ya German Shepherd wakizeeka. Lakini kubeba jeni si kuugua. Wengi huzeeka salama. Na tatizo la nyonga, lile linafanya German atembee ka amekalia msumari, linasababishwa na jeni nyingi pamoja na chakula, uzani na mazoezi. Hapo kipimo cha mate hakitoshi. Ni eksirei.

Vitu DNA haitakuambia

Haitakuambia ka mbwa atakuwa mkali. Mwaka 2022 utafiti mkubwa wa Marekani, uliouliza wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma DNA ya zaidi ya 2,000, ulipata kwamba aina ya mbwa inaeleza ka asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Zile zingine ni malezi, mafunzo, maisha na vitu vingine. Ukimfunga minyororo mbwa wa laki moja na kumrushia ugali mara moja kwa siku, huna mlinzi. Una mfungwa.

Pia haitageuza mbwa wako kuwa wa kitabu. Vyama vya mbwa huangalia wazazi walioandikishwa, si asilimia. Hapa kwetu East Africa Kennel Club ndio huandikisha mbwa na kutoa vyeti vya ukoo. Muuzaji akikuambia "damu safi", muulize cheti, kisha uwapigie wenyewe uthibitishe. Cheti kisichothibitishwa ni karatasi ya kufungia mandazi.

Je, ni lazima utoe hizo ganji?

Mimi nitakuambia ukweli. Ka mbwa wako ni wa kukaa naye tu na hana shida, hizo ngiri 13 zipeleke kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo na kumfunga uzazi. Atakushukuru zaidi.

Ka unataka kuzalisha na kuuza, pima kabla ya kumpandisha, si baada. Ka unatafuta mbwa na huna doo, KSPCA pale Lang'ata Road wana mbwa wanaotafuta nyumba. Huko hakuna atakayekudanganya eti baba yake ni wa polisi.

Na Malkia?

Binamu alirudi Marekani katikati ya Januari na chupa kwa begi. Majibu yakaja Februari, nikiwa ndani ya mat ya kuenda tao. Village Dog asilimia 58. German Shepherd 27. Rottweiler 9. Zilizobaki 6, mchanganyiko usiotambulika. Lile jeni la MDR1 hakuwa nalo.

Nikapiga hesabu nyingine. Hata dume la jirani angekuwa German kamili, na sikuwa na uhakika, watoto wangekuwa German ka asilimia 63 hivi. Na watu watatu walikuwa wameniwekea deposti ya "damu safi".

Nitakuwa mkweli, nilikaa na hiyo simu siku mbili. Nilijua vile ningeweza kufanya. Watoto walikuwa na mgongo mweusi, masikio bado hayajasimama, na wateja hawakuwa na binamu wa Marekani. Ningesema tu yale maneno niliambiwa mimi, bro, baba yake ni wa polisi, na ningelala na ngiri sitini kwa mfuko.

Nikawapigia. Wa kwanza akanitusi na nikamrudishia pesa yake. Wa pili akanyamaza, akasema asante, nikamrudishia pia. Wa tatu, mama mmoja wa Ruai, akauliza swali moja: "Atabweka mtu akiruka ukuta?" Nikamwambia huyo mama yake hubweka hata paka akikohoa. Akamchukua kwa KSh 4,000. Wale wengine walienda kwa bei hiyo hiyo au chini, na kila mmoja nilimtumia majibu ya Malkia kabla hajatoa pesa. Faida yote haikufika hata zile 18,000 nilimnunulia mama.

Malkia sasa hivi amelala kwa mlango, sikio moja juu, moja chini. Nimeshamfunga uzazi.

Na wewe, ka kuna mtu amekutumia picha za mtoto wa mbwa na namba ya kutuma pesa, usitume leo. Mwambie unataka kumwona mama kwanza. Akianza kuzunguka, hapo hauhitaji maabara.